Asiyechechemea Naye Huenda Ameumia: Kumkagua Greihaundi wa Mbio Misuli na Viungo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni Mkenya kutoka Mombasa na nafanya kazi katika banda la mbwa wa mbio, wale waitwao greihaundi, nje kidogo ya Melbourne, Australia. Kila asubuhi baada ya siku ya mbio mwajiri wangu hunituma niwapapase mbwa na kumweleza kama kuna aliyeumia, lakini sijafundishwa ninatafuta nini. Yuko jike mmoja wa miaka miwili na nusu ambaye amezoea kukimbia karibu na reli, ule uzio wa ndani ya uwanja, ila katika mbio zake mbili za mwisho alitoka nje sana kwenye kona. Hachechemei na anakula vizuri. Mwajiri anasema ni ukaidi tu. Nimkague vipi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Greihaundi anaweza kutoka nje kwenye kona kwa sababu nyingi: kusukumwa na wenzake, kutoujua uwanja, mchanga uliolegea, au kutoka vibaya kwenye kisanduku cha kuanzia na kukuta njia ya ndani imezibwa. Tazama video za mbio zote mbili ujiridhishe kwamba hakusukumwa. Ikiwa hakusukumwa, basi mbwa aliyezoea kushika ndani, kisha akabadilika mara mbili mfululizo, mimi humchukulia kuwa ameumia mpaka ukaguzi unionyeshe vinginevyo. Kwamba hachechemei hakunitulizi hata kidogo, kwa sababu kutembea bandani hakumgharimu chochote ukilinganisha na kile anachodaiwa na kona.

Viwanja vya greihaundi vya Australia, kama vile vya Uingereza na Ireland, hukimbiwa kinyume na mwendo wa saa, kwa hiyo mbwa huinamia kushoto katika kila kona. Mbio za mita 515 pale kwenye uwanja wa Sandown Park huisha kwa takriban nusu dakika, kwa kasi inayopita kilomita 60 kwa saa. Mwanariadha wa kibinadamu anapoingia kwenye kona kali hupunguza mwendo na kuuacha mguu ukae ardhini kwa muda mrefu zaidi kidogo. Watafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza walionyesha mwaka 2005 kwamba greihaundi hafanyi hivyo: mguu wake hugusa ardhi kwa muda uleule mfupi, nao hubeba uzito wote wa ziada unaoletwa na kona. Uzito huo haugawanyiki sawasawa. Mifupa iliyo upande wa reli ndiyo hubanwa zaidi, na ndiyo maana majeraha ya mbwa hawa yana makao yake yanayojulikana. Katika mguu wa mbele wa kushoto huumia mfupa wa tano wa kiganja, ambao kwa mguu huo ni wa upande wa nje. Katika mguu wa mbele wa kulia huumia mfupa wa pili, ambao ni wa upande wa ndani. Na katika mguu wa nyuma wa kulia huumia mfupa wa kati wa kifundo, ambao nao uko upande wa ndani. Simama juu ya mbwa, utazame chini huku ukifikiria reli iko kushotoni mwake, nawe utaona kwamba mahali pote patatu panaielekea reli hiyo. Hii pia ndiyo sababu mbwa anaweza kukimbia vizuri kwenye njia iliyonyooka ya Healesville, kisha akavurunda kwenye viwanja vyenye kona kama Sandown Park au The Meadows. Sikushauri lakini umpeleke huyo jike Healesville kumjaribu. Mbwa unayemshuku hapaswi kukimbizwa popote kwanza.

Kuhusu wakati, usitegemee ukaguzi mmoja. Papasa kwa wepesi jioni ya mbio baada ya mbwa kupoa na kunywa maji, kwa sababu uvimbe wa misuli iliyochanika huanza kuonekana ndani ya saa chache. Ukaguzi wenyewe hasa uwe asubuhi inayofuata, kabla hajakandwa, kabla hajatembezwa na kabla hajapewa dawa yoyote. Rudia tena siku ya pili au ya tatu. Kuna maumivu ya misuli ambayo ni ya uchovu tu na hutoweka kwa siku mbili. Ufa wa mfupa hautoweki hivyo, na mahali panapouma siku ya kwanza patauma palepale siku ya tatu. Tofauti hiyo huwezi kuipata kama hukuandika, basi weka daftari lenye ukurasa wa kila mbwa, uandike upande, mahali na ukali wa maumivu. Wapapase pia wakiwa wazima, katika wiki isiyo na mbio, kwa sababu kila mbwa ana vinundu vyake vya zamani na kovu zake, na mkono usiojua hali yake ya kawaida hautaitambua isiyo ya kawaida.

Kabla hujamgusa, mtazame. Mwombe mwenzako amtembeze, kisha amkimbize mwendo wa taratibu kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, akija kwako, akienda mbali nawe, na akipita ubavuni. Kamba iwe imelegea, la sivyo utakuwa unatazama mkono wa mtu badala ya shingo ya mbwa. Anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga na kukishusha ule mzima unapopokea uzito. Anayeumwa nyuma hupandisha nyonga ya upande unaouma au hufupisha hatua yake. Mzungushe duara dogo kushoto, kisha kulia, ulinganishe. Halafu asimame, umtazame kutoka nyuma na kutoka juu: je, mapaja yanalingana kwa unene? Je, mguu mmoja anauweka mbele kidogo ili usibebe uzito? Tazama kucha, kwani zilizolika upande mmoja kuliko mwingine zinaeleza jinsi anavyokanyaga. Kidole ambacho ncha yake imeinuka na ukucha hauigusi ardhi kimekatika kano ya ndani inayokikunja. Kidole kilicholala bapa kimekatika ile ya juu yake.

Sasa mikono. Iwe na joto, na mbwa awe amesimama mahali tulivu huku mtu anayemjua akimshika kichwa. Fuata mpangilio mmoja siku zote. Mimi huanzia kwenye vidole vya mbele kushoto, nikapanda hadi begani, nikahamia kulia, kisha shingo, mgongo na miguu ya nyuma, lakini mpangilio wowote unafaa mradi usiubadilishe. Usiende moja kwa moja mahali unapopashuku, kwa maana ukimuumiza mwanzoni atakaza mwili mzima, na baada ya hapo kila utakachobonyeza kitaonekana kinauma. Greihaundi hawafanani katika kuonyesha maumivu. Wako wanaopiga kelele kwa kuguswa tu, na wako wanaovumilia mfupa uliovunjika kimyakimya. Soma ishara ndogo: aliyekuwa akihema anafunga mdomo, anameza mate, analamba midomo, anageuza jicho kukutazama, au msuli unaruka chini ya kidole chako. Ukipata ishara, endelea mbele, kisha urudi baadaye kwa nguvu ileile. Hesabu kuwa ni maumivu ikiwa amejibu vilevile kila uliporudi, na ikiwa mahali palepale kwenye mguu wa pili hapakuleta jibu hilo. Kulinganisha kushoto na kulia ndio msingi wa kazi hii yote.

Katika wayo wa mbele, tenganisha vidole utazame utando ulio kati yake, kwa kuwa kuchanika kidogo kwa utando kunatosha kumwondoa mbwa kwenye reli. Kunja na kunyoosha kila kiungo cha kila kidole, kisha kisukume pembeni. Kiungo kilichoteguka huwa kinene na hulegea upande mmoja. Kisha ishike mifupa minne ya kiganja mmoja mmoja, uibonyeze kwa ncha ya kidole gumba kutoka juu hadi chini. Usiibonyeze yote kwa pamoja, maana mifupa miwili ya katikati huilinda ile ya pembeni na kuficha unachokitafuta. Kwa mbwa wachanga walioanza mbio karibuni, maumivu yaliyoenea kwenye urefu wa mifupa hii mara nyingi ni utando wa mfupa uliochokozwa na mazoezi makali kuliko umri wao, nao huhitaji kupunguziwa kazi. Maumivu ya nukta moja, hasa kwenye mfupa wa tano kushoto au wa pili kulia, ni jambo zito zaidi, kwa sababu huenda ni ufa wa uchovu wa mfupa, na ufa huo ukikimbiwa huwa mvunjiko kamili.

Kifundo cha mguu wa mbele kina jeraha ambalo huwadanganya watu kuliko mengine yote. Nyuma ya kifundo kuna mfupa mdogo wa ziada uliochomoza, na mara nyingi ule wa kulia ndio humeguka kipande pale ligamenti inapoung'oa. Mbwa huchechemea siku chache, akapumzishwa, akapona machoni pa kila mtu, akarudi uwanjani, akachechemea tena. Mzunguko huo unaweza kujirudia hadi msimu uishe huku kila mtu akisema ni misuli. Kipimo chake ni chepesi: kunja kifundo taratibu mpaka mwisho wake. Greihaundi mzima huukubali wayo wake ukunjwe mpaka ukaribie kigasha bila kulalamika. Anayeuvuta mguu, au ambaye kifundo chake kinakwama kabla ya kile cha upande wa pili, apigwe picha ya eksirei, hata kama asubuhi hiyo anatembea kama hana tatizo.

Kigasha na kiwiko vipite kwa haraka kidogo. Begani chukua muda. Nyoosha mguu mbele, kisha uurudishe nyuma, ukiupapasa kwa mkono wa pili msuli mkubwa wa traisepsi unaotoka nyuma ya bega hadi kiwikoni. Ukipanda na vidole kando ya ukingo wake wa nyuma, msuli uliochanika utakuonyesha shimo laini au uvimbe wenye joto ambao upande wa pili hauna. Shingo igeuzwe kushoto na kulia kwa kufuata kitu anachokipenda, si kwa nguvu. Mgongoni pita na vidole gumba viwili pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni. Akizama chini kila unapofika kiunoni, andika, kwa maana maumivu ya mgongo mara nyingi ni matokeo ya mguu anaoukwepa.

Paja la nyuma ndilo lenye jeraha la misuli ambalo kila banda hulijua. Upande wa ndani, ukingoni nyuma, kuna msuli mpana mwembamba uitwao grasilisi, ambao humsukuma mbwa mbele, na ule wa kulia ndio huchanika mara nyingi zaidi. Mbwa anaweza kumaliza mbio nao ukiwa umechanika, na kesho yake akachechemea kidogo tu. Simama nyuma yake, ingiza vidole vya mikono miwili ndani ya mapaja yote mawili kwa wakati mmoja, uvishushe kutoka kinenani hadi karibu na goti. Ukingo wa msuli mzima ni kama kamba iliyonyooka. Uliochanika una pengo, na chini ya pengo hilo kuna donge. Damu iliyovilia hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo baada ya siku moja au mbili unaweza kuona weusi chini karibu na kifundo, mbali kabisa na mahali palipochanika, na ukadhani amejigonga. Msuli huu ukichanika kabisa, uamuzi wa kuushona hufanywa katika siku chache za mwanzo. Akiachwa apone mwenyewe, kovu hufupisha msuli, na hatua yake hubaki fupi. Mbele ya paja, chini ya nyonga, kuna msuli mwingine unaovuta utando mgumu unaofunika paja, nao huchanika pia, ila uvimbe wake huonekana kwa macho. Msuli wa ndani wa nyonga huwezi kuufikia vizuri kwa vidole. Unyooshe mguu nyuma huku ukiuzungusha kidogo kwa ndani, na akikataa, mwachie daktari aendelee.

Goti la greihaundi, tofauti na la mbwa wengine wakubwa, halina mazoea ya kukatika ligamenti zake za ndani, kwa hiyo sitalikalia. Kifundo cha nyuma kulia ndicho ningependa ukijue kwa kufumba macho. Mfupa wake wa kati hubanwa katika kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka unakuwa mgumu kupita kiasi na kuingia nyufa ndogo ambazo hazionekani. Siku unapovunjika watu husema ni ajali, kumbe umekuwa ukielekea huko kwa miezi. Weka kidole gumba mbele ya kifundo, upande wa ndani, ubonyeze, kisha ukunje kifundo chote. Linganisha na kushoto kwa joto, unene na jibu. Mfupa uliovunjika vibaya hukifanya kifundo kizame na mbwa akanyage kwa kisigino, na hapo hata mtoto ataona. Unachokitafuta wewe ni ile hatua ya kabla, ambapo pana unene kidogo, maumivu ya kubonyeza, na mbwa anayetoka nje kwenye kona bila kuchechemea. Chini yake, bonyeza mifupa ya wayo mmoja mmoja, hasa wa tatu kulia, ambao nao hupata ufa.

Kwa hiyo kwa huyo jike wako, baada ya ukaguzi kamili, ningerudia sehemu nne: mfupa wa tano wa kiganja kushoto, kukunjwa kwa kifundo cha mbele kulia, ukingo wa grasilisi kulia, na kifundo cha nyuma kulia. Ukipata jibu kwenye mfupa au kiungo, ukaguzi wako umefika mwisho wake, na kazi iliyobaki ni ya daktari wa wanyama. Nalisema hili kwa sababu huko Australia wako watu wasio madaktari wanaoishi kwa kazi ya kukagua mbwa wa mbio. Baadhi yao wana mikono ambayo ningeitamani, lakini mkono hauoni ndani ya mfupa, na kukanda misuli ya mbwa mwenye ufa ni kumrudisha uwanjani akavunjike. Hata eksirei ya kwanza inaweza kuonyesha mfupa safi wakati ufa ungali mchanga. Ikiwa maumivu ya nukta yapo, omba irudiwe baada ya wiki kadhaa za mapumziko, au ifanywe skani ya CT. Kwa msuli, altrasaundi ndiyo huonyesha vizuri umechanika kiasi gani.

Ukipata msuli wenye joto na uvimbe, weka barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo. Usimkande hapo wala usiweke kitu cha moto, kwa sababu utaongeza kuvuja kwa damu. Mtembeze kwa kamba tu, kwenda haja na kurudi. Msuli uliovutika bila kuchanika hupona kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Uliochanika kiasi huchukua wiki kadhaa, na mbwa huwa anaonekana mzima muda mrefu kabla msuli haujawa na nguvu ya kustahimili kona. Dawa za binadamu usimpe. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kwetu hununuliwa dukani kama peremende, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na paracetamoli nayo haina usalama mikononi mwa asiyejua kipimo chake. Hata dawa halali ya maumivu aliyoiandika daktari haifai kupewa mbwa kabla ya kukaguliwa, kwa kuwa inafunika kile unachokitafuta, na mbwa akikimbia nayo mwilini vipimo vitaigundua na mwajiri wako atawajibishwa.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni mbwa asiyeweka kabisa mguu chini. Ya pili ni mbwa ambaye baada ya mbio anakakamaa mgongo na mapaja yote mawili, anaumia kila unapomgusa, na mkojo wake unakuwa mwekundu uliokolea au wa rangi ya kahawa. Huyo misuli yake inavunjika na kumwagikia kwenye damu, figo zake ziko hatarini, na anahitaji maji ya mshipani usiku huohuo.

Kuhusu mwajiri, usiende kumwambia kwamba amekosea juu ya ukaidi. Mwonyeshe. Mwite asubuhi, kunja kifundo cha kushoto mbele yake, kisha cha kulia, amtazame mbwa usoni. Mweleze kwamba picha ya eksirei leo ina gharama ndogo kuliko skrubu katika mfupa wa kifundo kesho, hoja ambayo wenye mbwa huielewa upesi. Akikataa na kumwandikisha kwenye mbio zinazofuata, daktari wa uwanja humkagua kila mbwa kabla ya kukimbia, na una haki ya kumwambia kwa utulivu mguu upi autazame na kwa nini. Akimwona hafai, mbwa huweza kuondolewa kwenye mbio hizo. Ukiwa umeandika daftari lako, enda nalo.